Kuvuta Bila Kamba

Siku ya kuniaga, walimu wenzangu, mlipokwisha kula pilau na kunikabidhi lile blanketi lenye picha ya simba, mmoja wenu aliniomba niandike uzoefu wangu ili ubaki kwenye kabati la idara. Nilimjibu kwamba kabati la idara lina mchwa. Akasema, basi Madam, andika haraka. Kwa hiyo naandika. Sitasema nilipandishwa daraja lini wala mara ngapi, maana hayo yamo kwenye jalada langu na hata humo hayasisimui. Nitaeleza habari za somo moja tu, lile la kwa nini vitu huanguka. Ndilo lililonipa jina la Madam Mvutano hapa Kasulu, ndilo lililotaka kuninyang'anya darasa, na ndilo ambalo baada ya kulifundisha miaka yote hii bado sijalimaliza.

Mimi ni mtoto wa milimani Upare, kwa hiyo vilima na baridi ya huku havikunitisha. Kilichonitisha ni umbali. Nilipangiwa Kibondo nikiwa nimetoka chuoni, nikapanda treni mpaka Kigoma, nikapata lori la chumvi mpaka Kasulu, kisha lori jingine mpaka Kibondo, nikashuka na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mkuu wa shule, mtu mwema mwenye haraka, aliisoma barua yangu akiwa amesimama, akatabasamu.

"Afadhali. Hatimaye tumepata mwalimu wa Sayansikimu. Vyerehani vimekaa bure tangu mwaka juzi."

"Mimi ni wa fizikia, Mkuu."

Aliisoma tena barua, akaigeuza upande wa nyuma kama vile fizikia ilikuwa imejificha huko. Kisha akaita, "Mzee Bukuru! Mwonyeshe Madam maabara." Vyerehani nilivipitia nikiwa njiani. Ni kweli vilikuwa vimekaa bure.

Mzee Bukuru alikuwa mtunza maabara, Muha wa pale pale Kibondo, mwembamba, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Alisoma mpaka darasa la nane tu. Maabara yenyewe nusu ilikuwa ghala la mahindi ya shule, na nusu nyingine ilikuwa ya kwake. Humo alikuwa na kipima uzito alichokitengeneza kwa springi ya tandiko la baiskeli, akakichora mistari kwa msumari. Alikuwa na jiwe la mviringo aliloliokota mto Malagarasi, amelifunga uzi wa katani na kulining'iniza kwenye boriti ili libembee. Saa ya kupimia hakuwa nayo. Alihesabu mapigo ya mshipa wa mkono wake, na kama alikuwa na homa alisema wazi kwamba leo vipimo vitakuwa vya haraka.

Somo langu la kwanza lilikuwa Kidato cha Pili. Niliingia na chaki mpya na sketi iliyopigwa pasi, nikainua kifutio cha ubao, nikakiachia. Kikadondoka. Nikauliza kwa nini. Akasimama kijana mmoja mrefu kutoka Titye, jina lake Ntibaguma, akasema kwa upole kabisa, "Kinarudi kwao, Madam. Kwao ni hasi."

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka mpaka nikashika meza. Kwanza nilidhani hasi ni ile ya hesabu, kumbe kwa Kiha hasi ni chini. Pili, kitu kurudi kwao! Darasa nalo likacheka kwa sababu mwalimu amecheka. Nikaandika kanuni ubaoni, tungamo hili mara tungamo lile, gawanya kwa umbali mara umbali, wakanakili, kengele ikalia. Nilitoka nikijiona mwalimu.

Mzee Bukuru alikuwa mlangoni akipanga chupa.

"Madam, yule kijana umemcheka. Umemjibu?"

"Nimemjibu, Mzee. Dunia inakivuta kifutio."

"Inakivuta kwa mkono gani?"

"Haina mkono. Ni sheria ya maumbile."

"Sheria inakuambia kitafika lini na kwa nguvu gani. Hapo sina ubishi, mimi mwenyewe nimepima. Lakini nimekuuliza kinavutwa na nini." Aliendelea kupanga chupa zake. Hakuwa ananikomoa. Alitaka kujua, na alidhani mtu wa chuo ameambiwa.

Sikuwa nimeambiwa. Wiki ile nilipekua vitabu vyote nilivyokuja navyo kwenye sanduku la bati. Nikakuta kwamba Mgiriki mmoja wa kale alisema maneno yale yale ya Ntibaguma, kwamba kila kitu kina mahali pake na kikiachiwa huenda huko, na watu wenye elimu kubwa wakaamini hivyo karne kwa karne. Nikakuta pia kwamba yule Mwingereza mwenye kanuni niliyoiandika ubaoni aliulizwa swali la Mzee Bukuru, akajibu kwamba sababu hajaijua na hataki kubahatisha. Nilijisikia kama muumini aliyegundua kuwa mchungaji wake naye hajamaliza kusoma Biblia.

Kipindi kilichofuata nilimwomba Ntibaguma radhi mbele ya wenzake. Walishangaa, maana wakati ule walimu hatukuwa watu wa kuomba radhi. Yeye akauliza, "Kwa hiyo Madam nimepata?"

"Hujapata. Lakini umekosa pamoja na watu wakubwa sana."

Ndipo tukaijaribu hoja yake. Mgiriki alifundisha kwamba kizito huanguka kwa kasi kuliko chepesi. Mzee Bukuru alipanda juu ya paa la maabara akiwa na mawe mawili, moja la kusagia na jingine la ukubwa wa yai, akayaachia pamoja. Yakatua pamoja. Nikamgeukia Ntibaguma nikiwa na furaha ya mshindi. Akafikiri, akasema, "Basi Madam, yote mawili yana hamu sawa ya kurudi kwao." Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo chuoni hatukufundishwa: nadharia ikichanika haifi papo hapo, mwenye nayo huishona kiraka. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia mwanafunzi ahesabu viraka mpaka mwenyewe aone nguo imebaki kiasi gani.

Pale pale nikaanza desturi ambayo wengine wenu mmeilalamikia, ya kufundisha nadharia bila kutaja waliozitunga. Nasema Mgiriki, Mwingereza, Mfaransa wa vimbunga vinavyobeba sayari, basi. Sababu yake ni ndogo. Mwanafunzi akisikia jina kubwa huacha kufikiri na kuanza kukariri. Akiambiwa "kuna mzee mmoja alidhani hivi", humkosoa mzee bila woga. Majina mnayo vitabuni, hayatapotea.

Nilikaa Kibondo miaka mingi, nikaolewa huko huko na bwana afya mcheshi, nikazaa, nikajua kuitikia salamu ya Waha, "mwakeye", bila kufikiri. Kisha mume wangu akahamishiwa Kasulu nami nikamfuata. Mzee Bukuru alinisindikiza mpaka kituoni, akaniambia, "Huko wakikuuliza swali usilolijua jibu lake, usikohoe. Walimu wakishindwa hukohoa." Tangu siku hiyo nimejichunga sana na kikohozi.

Sasa nije kwa Domitila.

Alikuwa binti wa Rungwe Mpya, baba yake fundi baiskeli. Alikuwa Kidato cha Tatu hapa Kasulu, mdogo wa umbo, na alipokuwa na swali hakunyoosha mkono, alisimama tu. Siku nilipofundisha mvutano alisimama.

"Madam, samahani. Kuvuta bila kamba ni uchawi."

Wenzake wakageuka kumtazama. Huku kwetu neno hilo halisemwi hovyo.

"Eleza," nikamwambia.

"Nikivuta ndoo nashika kamba. Punda anavuta mkokoteni kuna kamba. Wewe unasema Jua linaivuta Dunia na katikati hakuna kitu. Mimi hapo sielewi. Kusukuma naelewa. Upepo unasukuma mlango bila kuonekana. Labda vitu havivutwi, labda vinasukumwa kutoka juu."

Niliweka chaki chini. Hoja yake ya uchawi ilikuwa ile ile waliyopigiwa kelele wafuasi wa Mwingereza na Wazungu wenzao, neno kwa neno. Na wazo la kusukumwa nalo liliwahi kutungwa: kwamba anga lote limejaa chembe ndogo mno zinazokimbia kila upande. Jiwe likiwa peke yake hupigwa pande zote sawasawa, halisogei. Lakini ukiweka vitu viwili karibu, kila kimoja hukikinga kingine kama mwavuli. Katikati chembe zinapungua, nje zinabaki nyingi, basi vinasukumwa kimoja kuelekea kingine. Ukiangalia kwa mbali utadhani vinavutana.

Nilipomweleza, macho yalimtoka. "Kumbe kuna mtu alishafikiri?"

"Wapo. Sasa kazi ni yako. Kaitetee nadharia yako."

Alifanya zaidi ya kuitetea. Baada ya wiki mbili darasa lilikuwa limegawanyika, Wavutaji upande wa dirisha, Wasukumaji upande wa mlango, na wale wasiopenda ugomvi wakakaa katikati wakipigwa na pande zote mbili. Domitila akaomba tufanye jaribio uwanjani. Wanafunzi wawili wakasimama wakitazamana, hatua chache kati yao, kila mmoja amefungiwa sinia la jikoni mgongoni. Wengine wote wakafanya duara kubwa, kila mmoja na rundo la magunzi ya mahindi, na kazi yao ilikuwa kurusha katikati bila kuchagua. Magunzi yakaruka, masinia yakalia kama harusi. Wale wawili, wakipigwa mgongoni na wasipigwe kifuani, wakawa wanasogea hatua kwa hatua mpaka wakagongana vipaji vya uso. Wasukumaji wakashangilia kama mpira umeingia wavuni.

Hapo ndipo gunzi moja lililokosa shabaha lilipompata mgeni kwenye paji la uso. Alikuwa mkaguzi wa elimu, amevaa suti ya kijivu, anapitia kona ya uwanja pamoja na mkuu wa shule.

Hakukasirika kwa gunzi. Alilitazama, akalitia mfukoni, akauliza hili ni somo gani. Mkuu alinitazama mimi. Nikasema ni fizikia. Akauliza ni mada gani katika muhtasari. Nikasema mvutano. Akauliza muhtasari unasema vitu huvutana au husukumwa. Nikakaribia kukohoa.

Ningeweza kusimulia sehemu hii nikijipamba, lakini mnanifahamu. Kosa lilikuwa langu. Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa umesahihishwa wiki ile na mwalimu wa shule nyingine. Kwenye swali la mvutano Domitila alikuwa ameandika kurasa mbili za chembe na miavuli, na kanuni hakuandika hata herufi moja. Alipata sifuri. Si yeye peke yake, Wasukumaji saba walikuwa na sifuri pale. Nilikuwa nimefurahia ubishi wao mpaka nikasahau kuwaambia waziwazi kwamba msahihishaji hakai kwenye darasa letu. Mkuu alikuwa amekwisha kuamua kuwa Domitila atolewe mchepuo wa sayansi apelekwe wa sanaa, kwa kuwa "anabuni sana". Na sasa mkaguzi ameyaona magunzi.

Tuliitwa ofisini kesho yake asubuhi, mimi na Domitila. Niliketi, yeye akasimama. Mkuu alieleza shauri kwa ufupi: Madam apumzishwe kufundisha madarasa ya mtihani, na binti ahamishwe. Nilianza kujitetea, lakini mkaguzi akanyoosha kiganja.

"Ngoja kwanza, Madam. Nimuulize binti." Akamgeukia. "Kitu kinaangukaje?"

"Shikamoo," Domitila akaanza.

"Marahaba. Kinaangukaje?"

"Mtihani unataka niseme kila tungamo linavuta tungamo jingine, na nguvu inapungua kwa kipeo cha pili cha umbali." Akaisema kanuni yote, kila herufi mahali pake. Mkuu akaniangalia kwa mshangao. Hata mimi nilishangaa. "Kanuni hiyo ni sahihi kwa hesabu. Lakini haisemi nini kinavuta. Wa zamani walisema kitu kinarudi kwao. Hiyo haikubali, kwa sababu kizito na chepesi vinafika pamoja. Mfaransa alisema kuna vimbunga angani vinavyobeba sayari. Hiyo nayo ngumu, kwa sababu nyota zenye mkia zinapita kinyume na kimbunga wala hazibebwi. Kisha kuna yangu, ya kusukuma."

"Ile ya magunzi."

"Ndiyo, mheshimiwa. Na yangu nayo imeshindwa."

Nilimtazama. Hilo hakuwa ameniambia.

"Imeshindwaje?"

"Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa baiskeli, mvua ikanikuta njiani. Nilipofika, baba akaniuliza mbona umelowa mbele tupu na mgongo umekauka. Nikasimama pale pale uani nikafikiri. Ukikimbia kwenye mvua, mbele unapigwa zaidi kuliko nyuma. Na Dunia inakimbia kulizunguka Jua. Kama anga lina mvua ya chembe, Dunia ingepigwa zaidi usoni, ingepunguza mwendo kidogo kidogo, mwisho ingetumbukia kwenye Jua. Haijatumbukia."

Mkaguzi aliegemea mbele. Nikaona jambo ambalo sikulitegemea: alikuwa anafurahi. "Na kama chembe zako zina kasi kubwa mno kiasi kwamba mwendo wa Dunia si kitu mbele yao?"

Domitila akajibu, "Basi zingepiga kwa nguvu sana. Baba akipiga msumari kwa nyundo mara nyingi, msumari unaunguza. Dunia ingechemka, mheshimiwa. Tusingekuwa tumekaa hapa."

"Kwa hiyo umeshindwa."

"Nadharia yangu imeshindwa. Mimi bado nipo."

Mkuu wa shule alicheka bila kutaka, akajifanya anatafuta kalamu. Mkaguzi alitoa lile gunzi mfukoni, akaliweka mezani kwa taratibu. Akasema yeye alisoma fizikia kabla ya kupewa suti, na kwamba swali la nini kinavuta aliliuliza akiwa kijana, akaambiwa akae chini. Akakaa chini mpaka leo. Kisha akamwambia Domitila aende darasani, darasa la sayansi.

Taarifa yake ninayo nakala. Sehemu inayonihusu ina mistari miwili. Wa kwanza unataka jibu la mtihani liandikwe ubaoni kabla ya mjadala wowote. Wa pili unasema mwalimu anafundisha vizuri, ila apunguze magunzi. Nimeifuata sehemu ya kwanza kila siku tangu hapo, nanyi fanyeni hivyo. Mwanafunzi ana haki ya kujua kipi kinampa alama na kipi kinampa akili, na asidhani ni kitu kimoja. Domitila alifaulu, akasomea ufundi wa mitambo ya maji, na akija likizo hunisalimu kwa kuniuliza kama wameshaipata kamba.

Watu huniuliza kwa nini nisiseme tu kwamba Mwingereza alishinda na tuendelee. Mimi huwajibu kwa habari ya sukari ya ofisi ya walimu. Mnaikumbuka, au mmesimuliwa. Kopo la sukari liliisha kabla ya wiki kuisha, hesabu haikai. Tukasema lazima kuna mlaji asiyeonekana. Tukavizia, tukampata, mwalimu wa Jiografia, anakunywa vikombe viwili saa nne wengine wakiwa darasani. Tukafurahi, hesabu ikakaa. Mwaka uliofuata sukari ikapungua tena. Safari hii tulijua la kufanya, tukavizia mlaji wa pili. Tulimshuku mhasibu, tukamshuku mlinzi, tukamshuku hata yule wa Jiografia aliyekwisha kutubu. Hakuna. Kumbe mpishi mpya alikuwa ameleta kijiko kipya, kikubwa kuliko cha zamani, na kosa lilikuwa kwenye kipimo chetu wenyewe.

Angani yametokea hayo hayo. Sayari moja ya mbali ilionekana inayumba njiani, wataalamu wakasema kuna sayari nyingine iliyojificha inayoivuta, wakapiga hesabu, wakaelekeza darubini, wakaikuta. Kisha Utaridi, iliyo karibu na Jua, nayo ikaonekana haifuati hesabu. Wakatafuta sayari iliyojificha, wakaipa na jina kabla ya kuiona, na wapo walioapa kuwa wameiona. Haikuwepo. Kijiko ndicho kilichokuwa na kasoro, yaani sheria yenyewe, mpaka Mjerumani mmoja akaja na kijiko kingine. Na leo nyota za pembezoni mwa magalaksi zinakimbia kuliko zinavyostahili. Wengi wanasema kuna maada nyingi isiyoonekana. Wachache wanasema sheria yetu ina kasoro kwenye umbali mkubwa. Mlaji au kijiko? Mnaposimama darasani msiwadharau wachache hao, wala msiwape ushindi ambao hawajaupata. Waambieni wanafunzi tunavizia.

Nadharia ya huyo Mjerumani ndiyo iliyonipa taabu kuliko zote. Anasema hakuna kuvuta wala kusukuma, ila anga na wakati vyenyewe vimepinda, na kitu kinachoanguka kinafuata tu njia iliyonyooka ndani ya mahali palipopinda. Kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa upya kwa wakimbizi wa Burundi, nilikwenda huko likizo moja kusaidia walimu wenzetu waliotaka kunoa masomo ya sayansi. Nikatandaza turubai, tukalishika pembe zote, nikaweka jiwe katikati, likabonyea. Nikaviringisha gololi pembeni, ikapinda kulizunguka jiwe. Wote wakapiga makofi, isipokuwa Mwalimu Nestor, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Madamu, pardoni. Hiyo gololi inashuka kwa sababu gani?"

"Kwa sababu turubai limebonyea."

"Ndiyo. Lakini inafuata mbonyeo kwa sababu Dunia iko inaivuta chini, si vile? Basi wewe umechukua ile kitu unataka kueleza, ukaieleza na yenyewe."

Nilisimama na gololi mkononi. Miaka kumi nilikuwa nimelifanya jaribio hilo na hakuna mtu aliyenikamata. Nikamwambia, "Mwalimu, umenipata." Akaona haya kuliko mimi. Tukakaa kwenye benchi mchana kutwa tukitafuta mfano mwingine, mpaka akakimbilia kwake akarudi na boga. Akachora kwa mkaa mistari miwili inayoanzia kwenye tumbo la boga, sambamba kabisa, kila mmoja unakwenda moja kwa moja bila kupinda kushoto wala kulia. Ilipofika kwenye kikonyo ikakutana. Hakuna aliyeivuta, hakuna aliyeisukuma. Umbo la boga ndilo lililoikutanisha. Tulicheka kama watoto, kisha mke wake akalidai boga lake akalipika na maharage, nasi tukaila ile nadharia. Kambi ilipofungwa sikujua alikokwenda. Kila ninapotumia boga darasani huwa namtaja, yeye peke yake kati ya wenye nadharia. Nadhani anastahili.

Na sasa Iddi. Sitamficha, maana atasoma na atacheka. Mwalimu Iddi alikuja kwetu mwaka wangu wa mwisho, kijana wa mjini, shati limechomekwa, maelezo yote yako kwenye simu. Siku ya kwanza kuona ratiba yangu aliniambia, "Madam, mada ya vipindi vitatu wewe unaitumia mwezi mzima? Hawa watoto wanataka alama." Nikamwambia alama watazipata kipindi cha kwanza. Hakuridhika. Tulibishana vizuri mwaka mzima, kwa heshima, yeye akiniita mama yake na mimi nikimwita mpinzani wangu. Nilipostaafu nilijua vipindi vyangu atavichukua yeye, na nilijua vitakuwa vitatu.

Jumatatu ya kwanza ya kustaafu kwangu niliamka, nikaoga, nikavaa, nikajikuta niko njiani kwenda shule. Miguu ilikuwa haijasoma barua. Nilipofika nje ya Kidato cha Tatu nikaona aibu, nikataka kugeuka, nikasikia sauti ya Iddi. Nikasimama pembeni ya dirisha.

Kanuni ilikuwa ubaoni tayari, imepigiwa mstari. Msichana mmoja alikuwa amesimama. "Mwalimu, na mwanga je? Hauna uzito. Ukipita karibu na Jua, nao unaanguka?"

Iddi alitazama simu yake mezani. Hakuishika. Alijikuna shingo, akatazama ubao, akarudi kwa darasa.

"Sijui," akasema. "Nani anadhani unaanguka? Njooni upande huu. Nani anadhani hauanguki? Kule mlangoni. Kila upande unipe sababu."

Viti vikaburutwa, kelele zikapanda, mtu akapiga meza. Kipindi kilikuwa kimeharibika kabisa. Mimi jibu nilikuwa nalo, zuri, pamoja na habari za kupatwa kwa Jua na yote. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikalimeza, nikashuka taratibu kuelekea sokoni kununua samaki wa migebuka kabla hawajaisha.